Johnny Bright: Taya Lililovunjwa Mbele ya Watu

Mwalimu mlezi wa chama chetu alipotutaka kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, wenzangu walikimbilia Mekatilili wa Menza, Dedan Kimathi na Shaaban Robert. Mimi niliinua mkono nikataja Johnny Bright. Darasa zima liligeuka kunitazama. Wengine walidhani ni mwanamuziki. Mwalimu aliniuliza jina hilo mara mbili, kisha akaniruhusu, mradi nieleze ni kwa nini nimeiacha Afrika nzima nikaenda kuchukua mtu Marekani.

Nitaeleza, ingawa sababu yenyewe hainipi sifa. Muhula wa pili tulicheza kandanda na shule jirani. Wao walikuwa na winga wa kushoto, kijana mwembamba wa jezi nambari kumi na moja, ambaye katika mechi ya kwanza alitufunga mabao matatu peke yake. Juma zima kabla ya mechi ya marudiano, shuleni kwetu kulikuwa na neno moja tu: yule hamalizi mechi. Lilisemwa kwenye foleni ya chakula cha mchana, lilisemwa ndani ya matatu tukirudi nyumbani, na mtu fulani aliliandika kwa chaki ubaoni darasani mwetu, likakaa pale mpaka kengele ya jioni. Mimi nilikuwa mchezaji wa akiba. Nililisikia nikacheka pamoja na wengine. Dakika ya kumi na mbili, mpira ukiwa upande wa pili kabisa wa uwanja, beki wetu mmoja alimpiga yule kijana kiwiko cha mdomo. Refa alikuwa akiutazama mpira. Kijana alitolewa kwa kubebwa, shati lote damu, nasi tukashinda mbili kwa moja.

Jumatatu mwalimu wa michezo hakuuliza ni nani. Alituingiza timu nzima katika chumba cha kompyuta, akatuonyesha picha sita za zamani, nyeusi na nyeupe, kisha akatoka akatuacha nazo. Picha hizo ndizo zilizonifikisha kwa Johnny Bright.

Basi tuanze mwanzo. Johnny Bright alizaliwa tarehe 11 Juni 1930 katika mji wa Fort Wayne, jimbo la Indiana, kaskazini ya kati ya Marekani. Huo ulikuwa wakati mbaya wa kuzaliwa, kwa maana uchumi wa dunia ulikuwa umeporomoka mwaka uliotangulia na watu walikuwa wakifutwa kazi viwandani kama majani yanavyopukutika. Walikuwa ndugu watano, wote wavulana, wakilelewa na mama yao na baba wa kambo. Alisoma shule ya sekondari ya Central pale pale Fort Wayne, na hapo ndipo nyota yake ilipoanza kung'aa. Kijana huyu hakuchagua mchezo. Futiboli alikuwemo, mpira wa kikapu alikuwemo, riadha alikuwemo. Sisi hapa mtu akiwa mzuri kwa mchezo mmoja hataki tena kuosha vyombo nyumbani!

Kabla sijaendelea, wacha niwafafanulie wale wasiojua. Wamarekani wakisema futiboli hawana maana ya soka yetu. Futiboli yao inafanana zaidi na raga. Mpira una umbo la yai. Timu hupewa nafasi nne za kusogeza mpira mbele yadi kumi, na yadi moja ni pungufu kidogo ya mita. Unaweza kuukumbatia mpira ukakimbia nao, au kuurusha mbele kwa mkono umfikie mwenzako, jambo ambalo katika raga ni kosa. Ukiufikisha mwisho wa uwanja wa wapinzani umepata tachidauni, yaani alama sita. Wachezaji huvaa helmeti na mabega ya kujikinga, kwa sababu kuangushana ndio mchezo wenyewe. Lakini mkumbuke kwamba wakati wa Bright wachezaji wengi walivaa helmeti zisizo na vyuma vya kukinga uso. Macho, pua na taya vilikuwa wazi.

Bright alipomaliza sekondari alikubali kwanza ufadhili wa kucheza futiboli katika chuo cha Michigan State. Mambo ya huko hayakumpendeza, akaondoka, akaenda Chuo Kikuu cha Drake katika mji wa Des Moines, makao makuu ya jimbo la Iowa. Na hapa kuna jambo la kuchekesha. Drake walimpa ufadhili wa riadha, si wa futiboli. Chuo hicho kinajulikana kwa mashindano ya mbio yaitwayo Drake Relays, yaliyoanza mwaka 1910, ambayo miaka ya baadaye hata wakimbiaji wa Kenya waliosoma vyuo vya huko wamewahi kushiriki. Ufadhili huo ulimruhusu kujaribu bahati yake katika futiboli na mpira wa kikapu vilevile. Ati alikuja kukimbia tu!

Vyuo vya Marekani wakati huo vilikuwa vimefurika. Vita Vikuu vya Pili vilikwisha mwaka 1945, na serikali ilikuwa imepitisha sheria mwaka 1944 ya kuwalipia karo askari waliorudi. Kufikia mwaka 1947 karibu nusu ya wanafunzi wa vyuo walikuwa askari wa zamani. Hebu fikirieni darasa lenye mtu wa miaka ishirini na saba aliyepigana Ulaya, ana mke na mtoto, ameketi karibu na kijana aliyetoka sekondari juzi. Mabweni hayakutosha. Vyuo vingi vilihamisha vibanda vya kijeshi, vikapangwa kwenye nyasi za chuo, familia zikaishi humo. Mwanafunzi anasoma huku nepi zimeanikwa dirishani.

Na Jumamosi ya majira ya kupukutika majani ilikuwa siku ya futiboli. Televisheni zilikuwa chache bado. Mwenye tikiti alikwenda uwanjani, asiye nayo alisikiliza redio, na Jumapili asubuhi kila mtu alingoja gazeti. Kule Des Moines gazeti lilikuwa Des Moines Register, lililosomwa jimbo zima la Iowa. Gazeti hili lilipenda michezo kiasi kwamba lilikuwa limekwisha kuanza kutumia ndege tangu miaka ya 1920 ili kuwahi habari na picha. Mji usio na timu kubwa ya kulipwa, timu ya chuo ndiyo timu ya mji. Muuza duka anaijua, kinyozi anaijua, mama anayepeleka watoto kanisani anaijua. Jina la Bright lilipoanza kuonekana katika kurasa hizo halikutoka tena.

Mwaka 1949, msimu wake wa kwanza katika timu kubwa ya Drake, aliongoza nchi nzima kwa jumla ya yadi za kukimbia na za kurusha zikiwekwa pamoja. Mwaka 1950 aliongoza tena, mara hii akafikisha yadi 2,400, rekodi mpya ya vyuo vya Marekani. Akili zetu za soka zinaweza kupata shida hapa. Chukua mchezaji ambaye ndiye mfungaji bora na pia ndiye anayetoa pasi nyingi zaidi za mabao katika nchi, miaka miwili mfululizo, naye yuko katika chuo kisicho kikubwa. Msimu wa 1951 ulipoanza, watu walikuwa wakimtaja miongoni mwa wanaoweza kutwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo. Hakuna mtu mweusi aliyekuwa amewahi kuipata.

Nimefika mahali pagumu. Bright alikuwa mtu mweusi, na Marekani ya wakati huo ilikuwa na nchi mbili ndani ya nchi moja. Katika majimbo ya kusini na baadhi ya yale ya mpakani, sheria zilitenga shule, hoteli, vyoo na hata bomba la maji ya kunywa. Oklahoma lilikuwa mojawapo. Mfano mmoja unatosha. Mzee mweusi aitwaye George McLaurin, aliyekuwa mwalimu, alikubaliwa kusomea shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha Oklahoma, lakini akawekwa kwenye kiti cha peke yake pembeni, meza ya peke yake maktabani, na meza ya peke yake mahali pa kulia. Ilibidi Mahakama Kuu ya nchi iamue mwaka 1950 kwamba kumtenga hivyo si halali. Mwaka 1950, wenzangu! Bibi yangu alikuwa amekwisha kuzaliwa.

Katika jimbo hilo hilo, katika mji wa Stillwater, palikuwa na chuo kingine, Oklahoma A&M, ambacho tangu mwaka 1957 kinaitwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma. A&M na Drake walikuwa katika ligi moja, ligi ya Missouri Valley. Bright aliwahi kwenda kucheza Stillwater mwaka 1949, akarudi salama. Lakini mwaka 1949 alikuwa bado anaanza. Mwaka 1951 alikuwa Johnny Bright mwenyewe.

Mechi ilipangwa Jumamosi, tarehe 20 Oktoba 1951. Na siku zilizotangulia, maneno yalianza kutembea. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Gazeti la wanafunzi wa A&M liliandika kwamba Bright ni mtu aliyewekewa alama. Gazeti la mji wa Stillwater nalo likaandika. Wanafunzi walisema waziwazi kwamba hatakuwepo uwanjani mechi itakapokwisha. Hayo hayakuwa maneno ya kunong'ona, yalichapishwa yakauzwa. Niliposoma habari hii nilikumbuka ubao wetu na ile chaki, nikasimama nikaenda kunywa maji kwanza.

Uvumi ukafika mpaka Des Moines, zaidi ya kilomita 600 kutoka Stillwater. Wapiga picha wawili wa Des Moines Register, Don Ultang na John Robinson, walikuwa wametumwa kwenye mechi hiyo. Hawakuwa na muda wa kutazama mechi nzima. Walipanga kukaa robo ya kwanza tu, halafu waruke na filamu kurudi Des Moines ili picha ziwahi gazeti la Jumapili. Kwa kuwa walikuwa wamesikia uvumi, wakaelekeza kamera zao kwa Bright. Hapo ndipo ninapowavulia kofia. Mpiga picha wa michezo hufuata mpira, maana ndiko kuna bao. Wao walimfuata mtu.

Mechi ikaanza. Mapema kabisa, Bright alimkabidhi mwenzake mpira, mwenzake akakimbia nao upande mmoja. Bright alibaki nyuma, mikono mitupu, akitazama mpira unavyokwenda, kama anavyofanya mchezaji yeyote aliyemaliza kazi yake. Mlinzi mmoja wa A&M aitwaye Wilbanks Smith, mtu wa mwili mkubwa, badala ya kuufuata mpira alimjia Bright moja kwa moja, akamtandika usoni kwa mkono. Bright akaanguka akapoteza fahamu.

Alizinduka akasimama. Akapigwa tena. Katika dakika saba za kwanza alipigwa na mtu yule yule mpaka akazimia mara tatu. Pigo la mwisho lilimvunja taya.

Sasa sikilizeni. Baada ya taya kuvunjika, Bright aliendelea kucheza. Michezo michache baadaye alirusha pasi ya yadi 61, ikamfikia Jim Pilkington, ikawa tachidauni. Yadi 61 ni zaidi ya nusu ya uwanja. Ndipo maumivu yakamzidi akatolewa. Siku hiyo alipata yadi 75 tu, mara ya kwanza katika miaka mitatu kushindwa kufikisha mia moja. A&M wakashinda 27 kwa 14. Nimefikiria sana ile pasi. Mimi nikiumwa jino siwezi hata kushika kalamu.

Wapiga picha wetu walikuwa wamekwisha kuondoka zamani. Jumapili tarehe 21 Oktoba watu wa Iowa walifungua gazeti, wakakuta picha zimepangwa kwa mfuatano ukurasa wa mbele. Picha hizo sita ndizo nilizoziona katika chumba cha kompyuta. Unamwona Bright akitoa mpira. Unauona mpira ukienda mbali. Unamwona Smith akikaribia, na Bright hamtazami. Unaona pigo. Hakuna mpira karibu yao. Ukizitazama moja baada ya nyingine huwezi kusema waligongana kwa bahati mbaya, labda uwe umefumba macho. Gazeti la Life likazichapisha pia, nchi nzima ikaziona. Mwaka 1952 Ultang na Robinson walipewa Tuzo ya Pulitzer, ambayo kwa waandishi wa habari wa Marekani ndiyo kubwa kuliko zote.

Mtu angedhani baada ya ushahidi kama huo haki ilitendeka. Haikutendeka. Chuo cha A&M hakikumwadhibu mchezaji wake. Ligi ya Missouri Valley nayo ikakaa kimya. Smith mwenyewe, kwa miaka yote iliyofuata, alikana kwamba alimpiga Bright kwa sababu ya rangi yake. Mimi siwezi kuingia moyoni mwa mtu. Ila najua kwamba jambo lilitangazwa kabla halijatendeka, na likatendeka kama lilivyotangazwa.

Drake walifanya jambo ambalo lingewagharimu: walijitoa katika ligi. Chuo cha Bradley, ambacho hakikupigwa hata mchezaji mmoja siku ile, nacho kikajitoa ili kuwaunga mkono. Hawa Bradley watu huwataja kwa sentensi moja kisha wakapita. Nadhani wanastahili zaidi. Ni rahisi kulalamika ukiwa wewe ndiwe umevunjwa taya. Bradley hawakuwa wamevunjwa chochote. Kuhusu sheria za mchezo, chama cha michezo ya vyuo kilizikaza sheria dhidi ya kupiga kwa mkono na kiwiko, na helmeti zenye kukinga uso zikaanza kutiliwa mkazo.

Bright mwenyewe alifungwa taya kwa nyaya. Alikosa sehemu kubwa ya mechi tatu za mwisho za msimu. Hata hivyo katika kura za Heisman mwaka huo alikuwa wa tano. Labda angekuwa wa kwanza, labda asingekuwa, hilo halijulikani wala halitajulikana. Mtu mweusi wa kwanza kuipata tuzo hiyo alikuwa Ernie Davis wa Syracuse, mwaka 1961, miaka kumi baadaye. Bright alimaliza masomo mwaka 1952 akapata shahada ya ualimu. Tafadhali likumbukeni hilo la ualimu, nitalirudia.

Mwaka huo huo timu ya kulipwa ya Philadelphia Eagles ilimchagua, akiwa wa tano katika wachezaji wote wa nchi waliochaguliwa. Watu huota nafasi kama hiyo. Yeye akaikataa. Timu hiyo ilikuwa haijawahi kuwa na mchezaji mweusi, na baada ya Stillwater hakuwa na hamu ya kuwa wa kwanza kati ya wenzake waliotoka kusini, asijue watampokeaje. Akavuka mpaka kwenda Kanada, akajiunga na timu ya Calgary. Baadhi ya wenzangu niliowasomea makala haya walisema alikimbia. Tulibishana mpaka tukachelewa matatu. Mimi nasema mtu aliyesimama mara tatu akarusha yadi 61 hana haja ya kumthibitishia yeyote kwamba si mwoga. Ana haki ya kuchagua mahali pa kulala usingizi.

Kanada walimpokea vizuri, na yeye akawalipa. Msimu wake wa kwanza, 1952, aliongoza ligi ya magharibi kwa kukimbia na mpira. Majeraha yakamsumbua, na mwaka 1954 akahamishiwa Edmonton, ambako hawakujua ni bahati gani wameokota. Timu hiyo ilitwaa Kombe la Grey, kombe kubwa la Kanada, mwaka 1954, 1955 na 1956. Mwenzake mmoja katika timu hiyo alikuwa Normie Kwong, mtoto wa wahamiaji wa Kichina, ambaye uzeeni alikuja kuwa mwakilishi wa Malkia katika jimbo la Alberta. Katika fainali ya 1956 Bright alikimbia yadi 171, Edmonton wakawashinda Montreal 50 kwa 27. Kuanzia 1957 alipita yadi elfu moja kila msimu kwa misimu mitano mfululizo. Mwaka 1959 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima, mtu mweusi wa kwanza kuipata heshima hiyo. Alipostaafu mwaka 1964 alikuwa amekimbia yadi 10,909, na hakuna mtu katika historia ya ligi hiyo aliyekuwa amefika hapo.

Lakini sehemu ya maisha yake ninayoipenda kupita zote haina rekodi. Wakati bado anacheza, Bright alikuwa mwalimu katika shule za Edmonton. Timu za Marekani zilimwita tena arudi nyumbani kucheza kwa fedha zaidi, akakataa kwa sababu alikuwa na kazi yake ya kufundisha. Yaani Jumatatu asubuhi, baada ya kuangushwa na watu wa kilo mia moja Jumamosi, anasimama mbele ya darasa na chaki mkononi. Mwaka 1962 akawa raia wa Kanada. Alifundisha, akawa kocha wa vijana, kisha akapanda akawa mwalimu mkuu. Sisi tulio shule ya kutwa tunajua kazi ya mwalimu mkuu: karo, madirisha yaliyovunjwa, wazazi, wanafunzi waliochelewa langoni. Aliifanya kazi hiyo mpaka mwisho.

Mwisho ulikuja ghafla. Tarehe 14 Desemba 1983 alikuwa hospitalini Edmonton kufanyiwa upasuaji wa goti, jeraha alilolibeba tangu siku za kucheza. Hakuwa mahututi, alikwenda mwenyewe kwa hiari yake. Moyo ukasimama. Alikuwa na umri wa miaka 53, akaacha mke na watoto wanne. Mwaka uliofuata aliingizwa katika ukumbi wa mashujaa wa futiboli ya vyuo vya Marekani. Hakuuona.

Miaka mitatu hivi kabla ya kufa, gazeti lile lile la Des Moines lilimhoji kuhusu siku ya Stillwater. Alisema hakuna namna jambo lile lingekuwa si la rangi, lakini akaongeza kwamba alifurahi kuwa liliwalazimisha wakubwa wa michezo ya vyuo kujitazama. Nilitafuta hasira katika maneno yake sikuiona. Ningekuwa mimi ningekuwa nayo.

Tarehe 28 Septemba 2005 rais wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma, ndiyo ile ile A&M, alimwandikia barua rais wa Drake kuomba radhi rasmi. Nimehesabu mara mbili: miaka 54 baada ya pigo, miaka 22 baada ya mazishi. Waliompiga na waliotazama walikuwa wamekwisha kuwa wazee au marehemu. Mwaka 2006 Drake waliuita uwanja wao wa kuchezea jina la Johnny Bright. Edmonton walifungua shule yenye jina lake mwaka 2010. Mwaka 2021 Drake wakafungua chuo kidogo cha miaka miwili, kwa ajili ya wanafunzi wasioweza kumudu njia ya kawaida ya chuo kikuu, nacho kikaitwa John Dee Bright. Vitu vyote hivi ni vizuri. Barua ndiyo iliyoninyima usingizi. Barua ni karatasi moja na stempu. Kwa nini ichukue miaka 54?

Nakala za jarida letu hupelekwa kila mwaka kwa vyama vya Kiswahili vya shule jirani, na shule ya yule winga ni mojawapo. Nimesikia alikosa mechi zote zilizobaki za muhula na sasa ana pengo la meno mawili. Jina lake silijui, najua jezi tu, nambari kumi na moja. Ndugu yangu, ukifika ukurasa huu: mimi nilikuwa kwenye benchi, jezi nambari kumi na sita. Nililisikia lile neno tangu Jumatatu mpaka Ijumaa, na sikumwambia mtu yeyote. Naomba radhi.